Mgongo wa Mkono wa Baba

Mimi ni mwoga wa umeme, na baba yangu alikuwa fundi umeme. Watu wanaonijua kule Tunduma walikuwa wakicheka wakiniona nashona kwa cherehani cha miguu wakati wenzangu wote pale sokoni wameshafunga mota. Walinitania kwamba mtoto wa mhunzi asiposana huvukuta. Nami niliwajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, kwa hiyo chekeni tu, mtachoka. Nimezeeka na uoga wangu na wala sioni haya.

Tena uoga huo alinipa baba mwenyewe. Watoto wengine walisimuliwa sungura na fisi kabla ya kulala. Sisi tulisimuliwa habari za mwenzake wa kazi, mtu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambaye alivuta naye nyaya za kwanza za Tunduma. Siku moja mtu huyo alikuwa juu ya nguzo akashika waya aliodhani umelala, akaushika kwa kiganja. Baba alisimama chini ya ngazi akimwita, na yule bwana anamsikia, anamtazama, lakini mkono hauachii. Akifika hapo baba anatunyooshea mkono wake mbele ya koroboi. "Kiganja kikiguswa na umeme kinajikunja," anasema. "Kikishika hakiachii. Mgongo wa mkono ukiguswa unaruka. Kwa hiyo kitu usichokijua, kisalimie kwa mgongo." Baada ya hapo tunaambiwa tukalale. Sasa utalala vipi?

Basi baba alisalimia dunia yote kwa mgongo wa mkono. Sufuria, ukuta, nguo iliyoanikwa, ubavu wa ng'ombe, kahawa iliyotandazwa kichanjani, kila kitu aligusa kwanza kwa mgongo wa vidole. Tukiumwa homa alitupima paji la uso hivyohivyo. Siku tuliyomzika mama, aligusa jeneza kwa mgongo wa mkono, akaurudisha mfukoni. Sikumbuki hata siku moja kuguswa na kiganja cha baba yangu, na sikuwahi kuona kwamba ni upungufu. Nilijua mapenzi yake yako upande huo.

Mambo yalianza kuharibika msimu wa ukungu. Jirani yake wa Ihanda, huko Mbozi, ambako baba alikuwa anaishi peke yake na mibuni yake, alinipigia simu asubuhi akasema mzee amekutwa katikati ya shamba la watu, mbali na kwake, amesimama tu, viatu vimelowa. Baba akaeleza kwamba ulikuwa ukungu, na kwamba ana mtoto wa jicho, na mtu mwenye mtoto wa jicho ndani ya ukungu ni kipofu mara mbili. Maelezo yalikuwa mazuri. Macho yake kweli yalikuwa yameingia utando mweupe, hata mimi niliuona.

Kaka yangu anayeishi Dar alitupigia mimi na dada wa Mbeya. Alisema hivi: kama ni macho, yatasafishwa hospitali Mbeya na atarudi kwake Ihanda. Kama ni kichwa, anakuja kukaa Dar, na hapo hakuna mjadala. Dada akakubali. Mimi niliye karibu nikapewa kazi ya kujua ni kipi kati ya hivyo viwili. Niliwauliza nitajuaje, mimi ni fundi cherehani. Kaka akasema nimwangalie tu. Haya, mwangalie baba yako mzazi kama unavyoangalia nyanya sokoni, uone kama imeoza kwa ndani. Nilikasirika, lakini nilikuwa na hofu zaidi ya hasira, kwa sababu nilijua baba akipelekwa Dar atakufa. Mtu aliyezoea baridi ya Mbozi, umpandishe ghorofani kwenye lile joto, aamke asione hata mbuni mmoja.

Baba hakuwa mjinga, alijua yote. Jumamosi moja akashuka kutoka kwenye lori la mahindi mbele ya kibanda changu, na baiskeli yake nyeusi ikashushwa nyuma yake, ile ya fremu ndefu aliyokuwa akifungia ngazi enzi za kazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Nimekuja kufanya mtihani."

"Mtihani gani tena?"

"Mnaoniandalia. Nitakuonyesha umeme wa kwanza wa Tunduma, kuanzia mashine ya kwanza hadi nguzo ya mwisho, kwa mpangilio wake. Nikikosea, nipelekeni Dar nikafie huko. Nisipokosea, utawaambia wenzako ni macho, na mtaniacha kwangu."

Nikamwambia sawa, tukodi bajaji. Akakataa. Ndani ya bajaji utaona maduka, alisema, lakini laini ya umeme inajulikana kwa pedali. Yeye na wenzake walibeba nguzo zile kwa mabega na kwa baiskeli; pale unaposhuka kuhema ndipo nao waliposhuka kuhema, na pale walipopumzika ndipo walipochimba shimo. Basi kwa kuwa macho yake hayakuweza kuongoza, mimi nikakamata usukani na yeye akakaa nyuma kwenye kerea. Angalau miguu yangu imezoea pedali. Bodaboda walifurahi sana kuona mama mzima na kitenge chake amempakia babu. "Mama, umetoza nauli kiasi gani?" mmoja akaniuliza. Nilimwambia akamuulize mkewe.

Lakini utani uliisha tulipoingia barabara kuu. Anayeijua Tunduma anajua foleni ya malori, yale yanayosubiri kuvuka mpaka, yamejipanga mpaka huwezi kuona mwisho wake. Pembeni yake kuna upenyo mdogo ambao watu wote wanaugombania. Upande huu gurudumu refu kunipita, upande ule mtaro. Kila lori likipiga honi ya upepo nilibana breki. Nilisali sala zote ninazozijua na nyingine nikazitunga papo hapo. Nyuma yangu baba alikuwa ametulia tuli. "Usibane breki, mama," alisema, "ukiogopa barabarani usioneshe." Nilimwambia mimi siwezi kuogopa bila kuonesha, sijafundishwa.

Tukafika nyuma ya soko. Akashuka, akaanza kutembea taratibu kando ya ukuta, mgongo wa mkono wake ukiburuza kwenye matofali. Akasimama kwenye meza ya mama muuza chipsi. "Hapa," akasema. "Mashine ya kwanza ilikuwa hapa. Ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa nguo. Ikianza kunguruma jioni, hata Nakonde walikuwa wanaisikia."

Yule mama akasema hapa hapana mashine, kuna kaburi. Tulipomuuliza kaburi gani, akasogeza jiko lake na ndoo ya mafuta, tukaona bamba la zege limezama ardhini, jeusi kwa uchafu. Alikuwa anaanza kazi kila asubuhi kwa kulisalimia, maana hakujua limelaza nani. Baba akainama, akapangusa mchanga, akanionyesha vishina vya bolti vilivyokatwa kwenye pembe. Ni kitako cha jenereta. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akamwambia yule mama aendelee kusalimia tu, kwa sababu mashine ile ilikuwa na heshima zake. Ilipozimwa watu hawakusema umeme umekatika, walisema mashine imelala, na walipunguza sauti.

Mimi nilisimama pale nikahisi kifua kimefunguka kidogo. Amepata la kwanza, nikajisemea. Mtu mwenye kichwa kibovu hawezi kukumbuka bolti.

Tukaenda mpakani. Akanielekeza mahali penye vibanda vya kubadilisha fedha, akasema hapo ndipo ilipokuwa taa ya kwanza ya nje, taa moja juu ya nguzo ya mkaratusi. Serikali ililenga imulike magari. Lakini mvua za kwanza zilipopiga, kumbikumbi walitoka ardhini wakaifuata taa, na kina mama wa pande zote mbili wakaja na mabeseni ya maji wakakaa chini yake. Wa Nakonde walikaa upande wao, wa huku upande wetu, na ugomvi ukazuka juu ya kumbikumbi wanaoruka wakavuka. Wakaamua wenyewe kwamba mdudu hana uraia mpaka aanguke kwenye beseni la mtu. Kwa hiyo mji huu, alisema baba, kitu cha kwanza ulichofaidi kwa umeme ni kumbikumbi wa kukaanga. Usomaji na mengineyo yalifuata.

Mama mmoja mwenye ungo wa karanga, mtu wa ng'ambo, alikuwa ametusikiliza. Akapiga goti kidogo. "Mulishani, shikulu," akamwamkia kwa Kibemba, kama wanavyomwamkia babu yao.

"Bwino, mukwai," baba akamjibu bila kusita, na wakaendelea hivyo, mimi nikibaki nimeshika baiskeli. Alijifunza lugha ile kwa mwenzake wa kazi. Na la pili, nikajisemea, na lugha juu yake.

Ungedhani hofu ingenipungua. Wapi. Iliongezeka. Wakati tunaanza sikuwa na matumaini makubwa, kwa hiyo sikuwa na cha kupoteza. Sasa nilikuwa tayari namwona Ihanda, amerudi kwenye mibuni yake, macho yamesafishwa, na kila kilichobaki mbele yetu kingeweza kuninyang'anya picha hiyo. Tukaanza kupanda kuelekea kwenye mtaa wa nguzo ya mwisho. Mvua ilikuwa imenyesha kidogo na njia inateleza. Niliposhuka kuhema, kweli, palikuwa na shimo la zamani la nguzo limejaa maji. Nikamwambia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Halafu akasema, "Sasa twende kwenye mashine."

"Mashine ipi, baba?"

"Ya yule mfanyabiashara. Tunaanzia pale."

Nikamwambia tumeshatoka pale. Akasema ndiyo, ndiyo, kwa yule wa chipsi. Nikajiambia amechoka. Amekaa kwenye kerea tangu asubuhi, jua na mvua, mzee wa umri ule, hata mimi ningechanganya. Nilijiambia hivyo kwa haraka sana.

Nguzo ya mwisho ilikuwa uchochoroni, nyuma ya vyumba vya kupanga. Ilikuwa imebaki kipande kirefu kuliko mtu, imegeuzwa nguzo ya uzio wa mabati. Mwenye nyumba alikuwa ameipitishia waya wake wa kupeleka umeme vyumba vya uani, na waya umelegea, unaning'inia karibu na usawa wa kichwa, maganda yamechubuka. Nikauona mara moja, maana mwoga anaona waya kabla ya kuona nyumba. Nikamwambia baba asisogee. Nikaegemeza baiskeli kwenye nyonga yangu niifunge kamba iliyokuwa imelegea kwenye kerea.

Nilipoinua uso, baba alikuwa ameshafika chini ya nguzo, anatazama juu. Ndiyo nguzo ile ya mtu wa Nakonde. Alikuwa hajaniambia, lakini nilijua kwa jinsi alivyosimama, kwa sababu ndivyo alivyosimama kwenye hadithi usiku wote wa utoto wangu.

"Shuka basi, fundi," akasema kwa sauti ya upole, kwa mtu asiyekuwepo. "Nipe huo waya nikushikie."

Akainua mkono. Nikaona kiganja. Kimefunguka, kimetazama juu, vidole vimekaa tayari kupokea, kama mtu anayempokea rafiki yake mzigo. Maisha yangu yote sikuwahi kuona mkono ule ukienda mbele namna ile, na ndipo nilipojua jibu la swali la kaka yangu, kabla hata sijajua kwamba baba anakwenda kufa.

Sikupiga kelele. Niliisukuma baiskeli kwa nguvu zote ikamgonga miguuni, nikaruka nikalivuta koti lake, tukaanguka wote watatu kwenye tope, mimi, yeye na baiskeli. Pedali ilinichana mguu na sikuhisi chochote. Nilimkumbatia palepale chini.

Mpangaji mmoja akatoka na mtoto mgongoni. "Hajaushika?" akauliza. "Huo waya unaua. Mbuzi wangu alipanda uzio, akafia hapohapo wiki hii."

Nilimuuliza kwa nini basi waya haujakatwa, akasema mwenye nyumba ameahidi kuleta fundi. Nilimtukania huyo mwenye nyumba wake matusi ambayo mama yangu hakunifundisha. Yule dada wa watu akasubiri nimalize, akatuletea maji ya kunawa.

Baba alikuwa bado amekaa chini. Alikuwa anautazama mkono wake, anaugeuza, mgongo, kiganja, mgongo. Fahamu zilikuwa zimemrudia. Niliona zimerudi, na ningetamani zichelewe kidogo.

"Niliunyoosha hivi?" akaniuliza, akanionyesha.

"Ndiyo, baba."

Akanawa mikono polepole. Tulisukuma baiskeli kushuka, tairi la mbele limepinda linasugua, mpaka tukafika karibu na kibanda changu. Hapo akanishika pindo la kitenge.

"Mama, sema ni macho."

Nikaendelea kusukuma baiskeli.

"Nakuomba. Wewe sema ni macho."

Baba yangu hakuwahi kuniomba kitu. Aliagiza, au alinyamaza. Nililia pale mbele ya wateja wangu, tope mpaka kwenye nywele, na yeye akabaki amesimama, ameshikilia kitenge, anasubiri jibu.

Jioni nilimpigia kaka. Nilikuwa nimepanga kudanganya. Nilifungua mdomo, nikaona kile kiganja kinapanda, nikamwambia ni kichwa. Macho pia, lakini ni kichwa. Kaka akashusha pumzi, akasema basi atakuja kumchukua mwisho wa mwezi.

"Humchukui," nikamwambia. "Nahamia Ihanda."

"Na kazi yako?"

"Cherehani changu hakili umeme. Na watu wa Ihanda wanavaa nguo."

Tulibishana mpaka salio likaisha, akapiga yeye, tukaendelea. Alisema sitaweza. Nilimwambia najua sitaweza, na ninaogopa kuliko yeye, lakini baba hatoki. Mwisho akachoka. Katika familia yetu ndivyo mambo yanavyoamuliwa.

Macho yalisafishwa Mbeya na yakapona vizuri. Hiyo ndiyo iliyoniongezea mashaka. Sasa baba anaona kila swichi, kila soketi, kila waya, anaona kuliko mimi, ila hakumbuki kwamba vinauma. Kwa hiyo siku niliyohamia nilikwenda kwenye swichi kuu, nikasimama mbele yake, nikaizima, nikakitia kisanduku kufuli. Ufunguo nauvaa shingoni. Tunatumia taa ya sola. Nyumba ya mtu aliyewasha Tunduma ikiingia giza, majirani wanadhani tumeshindwa kununua umeme, nami nawaacha wadhani.

Kila jioni baba anapita anabonyeza swichi ya sebuleni. Taa haiwaki. Anabonyeza tena, anageuka kunitafuta.

"Mashine imelala?"

"Imelala, baba."

Anapunguza sauti, kama zamani. Halafu anakuja taratibu nilipokaa kwenye cherehani, ananyoosha mkono, ananishika shavu. Kwa kiganja. Nimeishi miaka yangu yote sijui kiganja hicho kilivyo, na sasa najua: ni kigumu, kina joto, na kuna kovu chini ya dole gumba. Anagusa hivyo kila kitu siku hizi, jiko, mbwa wa watu, moto wenyewe nisipowahi, na mimi kutwa nzima roho iko juu. Juzi aliniuliza mimi ni nani, mkono ukiwa bado shavuni. Nikamwambia mimi ni binti yako. Akafikiri, akasema sawa. Mkono hakuuondoa, na mimi sikuusogeza uso.